Editha na Hii Kazi Yangu ya Kurasa

Tunduma,
Jumapili mchana, baada ya misa.

Kwako mke wangu Mama Editha,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia kwa sauti hata kama umekaa peke yako hapo barazani, kwa hiyo naendelea.

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Kifua kilinisumbua wiki kadhaa kwa sababu ya hili baridi la mwezi wa sita, lakini kimetulia. Hofu yangu iko huko kwenu. Mama miguu yake inaendeleaje? Bado anakataa kuinyoosha ukimwambia? Mwambie mwanawe amesema ainyooshe, asikusumbue wewe mtu mwenye kazi zako. Na mikorosho je, dawa ya salfa mmeshapuliza au bado mnangoja mashine ya jirani? Masasi yote naiona nikifumba macho, hadi vumbi la njia ya kwenda kisimani.

Sasa nikujibu lile ulilosema kwa sauti ya chini kwenye simu ukidhani sijasikia. Hapana, sijakasirika. Nilikata simu kwa sababu sikuwa na jibu. Umeniuliza mara mbili na mara zote nimekwambia mtandao unakatika, na mtandao haukuwa unakatika, mke wangu. Kwenye simu nina ujanja mwingi, nikishika kalamu ujanja unaniisha. Ndiyo maana nimenunua bahasha. Barua hii nampa dereva mmoja mtu wa Ndanda anayeteremka na mzigo kuelekea Mtwara. Ameniahidi ataishusha kwa mikono yake mwenyewe.

Swali lako ni moja. Editha amepata nafasi chuo cha uuguzi, chuo kinataka jibu, naye hataki. Anataka aje huku kwangu ajifunze kutengeneza kurasa za mtandao. Na wewe umeniambia, "Huu ugonjwa umemtia wewe, utautoa wewe. Mtoto anasikia neno lako tu." Ni kweli, nilimtia mimi. Likizo zile nilizokuja nyumbani nilikuwa namkalisha kwenye ile kompyuta yangu ya zamani, nikimfundisha ukiandika hivi rangi inabadilika, ukiandika vile picha inakaa kushoto, naye anacheka kama amemwona sungura katoka kofiani. Sikujua kwamba napanda mbegu. Sasa ngoja nikueleze kazi hii imekuwaje, maana ile uliyoijua wewe siyo hii tena. Ukishajua, utaona kwa nini neno linanikwama.

Wewe uliponitembelea uliona jinsi nilivyokuwa nafanya. Mimi ni mtu wa kidato cha nne, kazi hii nilijifunza kwa kuchungulia na kuuliza. Na kwenye kurasa sehemu yangu ni sura tu, yaani kile mtu anachokiona akifungua: herufi, rangi, picha, kitufe cha kubonyeza ili upige simu. Mambo ya stoo, ya nyuma ya ukurasa, siyajui, na sijawahi kujidai nayajua. Sura hiyo nilikuwa naiandika mwenyewe mstari kwa mstari, kama fundi anavyokata kitambaa cha mteja wake, akijua kila mshono aliupitisha wapi. Wenye malori, wenye nyumba za wageni, mawakala wa forodha wa hapa mpakani, wote walikuwa wanakuja kwangu.

Na desturi yangu unaikumbuka. Nikimaliza ukurasa siukabidhi kabla sijaupeleka foleni. Ile foleni ya malori ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ambayo siku nyingine mkia wake unafika hadi kule kata ya Mpemba, ndiyo ilikuwa shule yangu. Madereva wamekaa pembeni ya magari yao wanapika, wanafua, wananyoana ndevu, hawana haraka. Nanunua karanga za kukaanga, napita gari hadi gari: "Kaka, hebu nifungulie hiki kitu kwa simu yako." Simu za kila aina ziko pale, zilizovunjika kioo, zilizofungwa na rababendi, simu kubwa za watu wa Afrika Kusini, simu ndogo za Kongo. Ukurasa ukifunguka foleni nzima, basi najua ni ukurasa. Ukikataa kwa mmoja narudi ofisini, naugusa pale palipouma, narudi tena na karanga.

Siku hizi, Mama Editha, hakuna anayeandika ukurasa tangu mwanzo. Kuna vipande vimeshatengenezwa na watu tusiowajua huko duniani, wewe unachagua na kuunganisha. Haikuwa mbaya, nikasema nitajifunza kuunganisha. Nikajifunza chombo kimoja cha kuunganishia, mwaka ule mama alipoanguka. Nilipokizoea vijana wakaniambia hicho kimepitwa, mzee, watu wamehamia kingine. Nikajifunza hicho kingine, nacho kikabadilishwa namna kabla sijakimaliza. Ni kama kulima shamba ambalo kila ukienda kunywa maji, ukirudi unakuta mipaka imehamishwa. Hukosei kulima. Unakosea mahali.

Lakini hayo yote nilikuwa nayavumilia. Kilichonivunja nguvu ni cha mwaka huu.

Chumba cha ofisi sasa tunapanga wawili, mimi na binti mmoja anaitwa Neema, Mnyiha wa Nanyala. Amesoma kompyuta chuoni Mbeya. Amemzidi Editha miaka michache tu, na ana adabu, ananiamkia kila asubuhi kwa kupiga goti kidogo kama walivyofundishwa kwao. Mteja wangu wa siku nyingi, Mama Simbeye, mwenye nyumba ya wageni karibu na maegesho ya malori, alikuja mwezi uliopita amejifunga kitenge kipya. Hata hakukaa.

"Benedikto," akasema, "ukurasa wangu umezeeka kuliko mimi."

Nikamwambia, "Mama, unafanya kazi vizuri, watu wanakupigia."

"Wananipigia ndiyo. Lakini nimeonyeshwa wa nyumba moja ya wageni ng'ambo, Nakonde. Ukigusa picha, inakuja mbele taratibu kama bibi harusi. Wa kwangu ukiugusa umelala tu kama mbuzi mgonjwa."

Neema akacheka, akaomba samahani kwa kucheka. Halafu akasema, "Mzee, nijaribu mimi?" Mimi nikasema jaribu, mwanangu, nikidhani atachukua wiki kama ninavyochukua.

Mke wangu, hakuandika mstari hata mmoja. Kuna hii akili mnemba inayosemwa redioni. Wewe unaiandikia maneno ya kawaida, kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Akaiandikia: nitengenezee ukurasa wa nyumba ya wageni mpakani, wa kisasa, wenye rangi ya giza, picha zitokee taratibu, wageni wa Tanzania na wa Zambia wote wahisi wapo nyumbani. Akabonyeza. Mistari ikaanza kumwagika kwenye kioo yenyewe, mbio, kama mahindi yanavyotoka kwenye gunia lililotobolewa. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Sikukumbuka kunywa. Nilifanya ishara ya msalaba chini ya meza ili wasinione.

Ukurasa ukatokea. Nisiwe mnafiki, ulikuwa mzuri. Weusi wa kupendeza, herufi nyembamba, picha za vyumba zinajitokeza moja moja kama zinatoka kwenye ukungu. Mama Simbeye alipiga makofi, akapiga na kigelegele, hadi muuza mitumba wa mlango wa pili akachungulia. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe Benedikto, miaka yote hiyo ulikuwa unafanya nini humu ndani?"

Alisema kwa utani, ni mtu wa utani. Nami nilicheka. Lakini lile swali nililala nalo, nikaamka nalo, na hadi leo nimeingia nalo kanisani na kutoka nalo.

Neema aliniona. Akaniambia, "Mzee usihuzunike. Mimi nitakuwa naagiza, wewe utakuwa unakagua. Si una foleni yako?" Basi nikanunua karanga, nikaenda foleni.

Dereva wa kwanza mtu wa Tanga. Simu yake ndogo, ya siku nyingi. Akafungua, kioo kikawa cheupe, katikati kaduara kanazunguka. Tukangoja. Tukala karanga. Kakazunguka.

"Mzee," akaniambia, "hako kaduara kametembea kuliko mimi, na mimi njia yangu ni ya Kongo."

Nikamwambia avumilie, ni mtandao.

"Siyo mtandao. Tazama, umekula bando langu lote na nyumba yenyewe sijaiona hata mlango. Weka karanga hapa, tena jaza."

Wenzake wakacheka sana. Nikajaza karanga. Nilielewa kinachotokea: kurasa hizi nzuri ni nzito. Ile picha kuja kama bibi harusi inabeba mizigo mingi nyuma yake, na simu ndogo haiwezi kuibeba. Hilo nilitegemea. Nisilolitegemea likaja kwa dereva wa pili, wa Iringa huyu, mwenye simu nzuri. Kwake ulifunguka vizuri kabisa. Akatazama, akakunja uso.

"Hii nyumba ya wageni iko Zambia?"

"Hapana, iko hapo nyuma yako. Lile bati jekundu unaloliona."

"Mbona inaniongelesha Kiingereza? Na bei ni kwacha."

Nikachukua simu nikaona mwenyewe. Kiingereza kitupu, na bei zote za kwacha. Ndani ya simu yake alikuwa na laini ya Zambia, ameiweka safari iliyopita alipovuka na hajaitoa. Ndipo nikaelewa. Ile mashine ilipoambiwa Watanzania na Wazambia wote wahisi wapo nyumbani, iliweka ujanja wa kukisia: ukija kwa laini ya Tanzania inakupa Kiswahili na shilingi, ukija kwa laini ya Zambia inakupa Kiingereza na kwacha. Pengine kwingine duniani ni ujanja mzuri. Lakini hapa Tunduma, mke wangu, wewe mwenyewe uliona, kila mtu ana laini mbili. Laini ya Zambia inashika hadi chumbani kwangu. Watu wanaitumia kwa sababu ya bando. Mtu kazaliwa hapa, hajavuka hata mara moja, anaishi na laini ya ng'ambo.

Nikarudi nikipita kwa mama mmoja anayeuza ndizi pale barabarani, dada yake ni mfanyakazi wa Mama Simbeye. Nikamwomba naye afungue, kwa laini yake ya ng'ambo. Akatazama kile Kiingereza kidogo tu, akanirudishia simu niishike mimi, simu yake mwenyewe. "Hii siyo yetu, baba. Ni ya wasomi." Na mwezi uliotangulia nilimwona kwa macho yangu akiwasomea wageni bei kutoka kwenye ukurasa ule wa zamani, akijidai.

Nikamweleza Neema. Hakubisha hata kidogo, akasema, "Kweli mzee, hilo sikuliwaza," akaiandikia ile mashine: usikisie kwa laini, weka Kiswahili kwa wote. Ikajibu kwa heshima kubwa, ikaomba radhi, ikasema tayari. Tukafungua. Kiswahili kimerudi, na kitufe cha kupiga simu kimepotea. Akaiambia rudisha kitufe. Ikaomba radhi. Kitufe kikarudi, kwacha nayo ikarudi. Akaiambia tena. Ikaomba radhi tena. Sijawahi kuona kitu chenye adabu namna ile kisichosikia.

Nikamwambia, "Mwanangu, tuache kuituma. Fungua ndani unionyeshe pale palipoandikwa, tuuguse kwa mkono wetu."

Akafungua. Mama Editha, ilikuwa kama kichuguu. Mistari na mistari, faili juu ya faili, jina moja linatajwa hapa, maana yake imeandikwa kwingine. Mimi nilitafuta hata neno kwacha tu, nilikute, nilifute. Nilikuta limetajwa huku na huku, na kila nilipoligusa kitu kingine kilianguka. Nikamwambia, "Wewe umesoma, nionyeshe."

Akaipandisha mistari, akaishusha. Kisha akasema, "Mzee, hii siyo mimi niliyeandika."

"Najua. Lakini unaweza kuisoma?"

"Sehemu. Siyo yote."

"Sasa nani anaweza?"

Akatazama kioo. Nami nikatazama kioo. Aliyeandika hayupo, tuliopo hatujui. Nikatoa rozari mfukoni nikasali Salamu Maria moja, kwa sauti, kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya na mikono yangu. Neema yeye ni wa dhehebu lingine, kwao hawasali hivyo, akaanza kucheka. Akacheka, akacheka, mpaka nikaona siyo kicheko tena, analia.

Nikafunga mlango, nikamwuliza kwani ni Mama Simbeye? Akasema hapana. Akanieleza kitu ambacho nataka ukisome polepole, maana ndicho kinachomhusu mwanao. Amesema tangu amalize chuo ameomba kazi Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam, kwenye ofisi zinazotengeneza kurasa. Zamani ofisi hizo zilikuwa zinawachukua wanaoanza, wanawapa kazi ndogo ndogo, panga herufi hizi, rekebisha kitufe hiki, na humo ndimo mtu anakomaa. Sasa hizo kazi ndogo zote anapewa yule asiyelala, ile mashine. Wanamwambia Neema wanataka mtu mwenye uzoefu.

"Uzoefu nitaupatia wapi, mzee, kama pa kuupatia ndipo pamefungwa?"

Nikampa leso yangu afute uso. Nilimtazama, mke wangu, na wala sikumwona Neema. Nilimwona Editha amekaa pale pale, kwenye kigoda kile kile, ananiuliza mimi baba yake swali hilo.

Mama Simbeye alingoja wiki, akachoka. Vyumba vilikuwa vinalala wazi, wageni wa laini za ng'ambo wakidhani yuko Zambia, na wa simu ndogo wakiangalia kaduara. Alikuja na simu mkononi. Nilidhani atasema nirudishieni ule wa zamani, na nisikufiche, moyo wangu ulishajiandaa kufurahi. Hakusema hivyo.

"Futeni yote," akasema. "Wa Benedikto futeni, na wa Neema futeni. Nitaweka picha za vyumba kwenye makundi ya simu, mpwa wangu atanisaidia. Siwadai, hamnidai. Tusigombane bure, watoto wa Mungu."

Akatupa na mkungu wa ndizi mzimamzima, ndivyo alivyo. Neema akafuta wake. Mimi wangu niliufuta mwenyewe. Baada ya hapo wateja wengine wawili wamekuja kuuliza, kama Mama Simbeye hana ukurasa, wao wa nini?

Ijumaa kwenye jumuiya, kila mtu alipotaja nia yake ya kuombewa, nami nikasema tuiombee kazi yangu. Mwenyekiti wetu Mzee Siame ni mtu anayependa kuomba kwa kujua anaomba nini. Akaniuliza, "Umefukuzwa?"

"Hapana, mzee."

"Umeibiwa?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Namshukuru Mungu, siumwi."

"Sasa Benedikto, tumwambie Mungu nini?"

Watu wote wananitazama. Ukiwa umefiwa, una neno. Mvua isiponyesha, una neno. Hili langu halina jina kwa Kiswahili wala kwa Kimakua. Nikasema, "Basi, mwambieni anajua." Wakasali hivyo.

Sasa nifike kwa Editha mwenyewe, maana hadithi haiishii hapo na ingeishia hapo neno lingekuwa jepesi. Jumanne alinipigia, wewe ulikuwa umeenda zahanati na mama. Sauti yake ya furaha.

"Baba, nimekutumia kitu, ufungue sasa hivi nikiwa kwenye simu."

Nikafungua kwa ile simu yangu ndogo. Kabla sijavuta pumzi kimefunguka. Ukurasa wa shamba letu la korosho. Picha ya bibi yake amekaa na ungo mapajani anabangua, na chini yake maneno machache, makubwa, ya Kiswahili safi hata mama angeyasoma kama angekuwa na miwani. Hakuna kinachoruka wala kinachozunguka.

"Nani amekutengenezea?" nikamwuliza. "Umeiagiza ile mashine?"

"Baba!" Alikasirika. "Nimeandika mwenyewe. Ulivyonifundisha. Nilikuwa naandika kwa daftari kwanza, halafu naenda kwa mwalimu naazima kompyuta. Ni mbaya?"

Mke wangu, siyo mbaya. Nimefanya kazi hii miaka yote na sijawahi kukipanga kitu kikatulia namna ile. Anajua pa kuacha nafasi. Hilo halifundishwi, hata mimi sikumfundisha. Mtoto ana mkono. Na nimesimama pale ofisini na simu sikioni, nina fahari, na wakati huo huo nataka kumwambia mwanangu, itupe hiyo, kimbia, mlango wa kuingilia humu umefungwa na mimi baba yako niko ndani sioni pa kutokea.

Akaniuliza, "Sasa Baba, nije au nisije? Useme moja."

Nikamwambia, "Mama yako anasemaje?"

"Mama anasema niulize wewe."

Nikahamishia simu sikio la pili. Nilimsikia anapumua. Nikasikia kuku wetu nyuma yake. Kisha akasema, "Haya Baba, shikamoo," kwa ile sauti ya mtu anayeaga akiwa ameshageuka, akakata. Sikumpigia tena. Hivyo ndivyo nilivyo siku hizi.

Nimewaza kila namna. Nikisema aende uuguzi, namzika mtoto na kipaji chake, na kesho ataniambia baba ulijua nina mkono na ukanikatalia. Nikisema aje, atakuja akae kwenye kigoda karibu na Neema, wawe wawili wanaolia, mimi katikati na rozari. Labda Mungu ana njia ya tatu. Namwomba kila siku anionyeshe, na kila siku naona hizi mbili tu. Wenzangu wanasema hii mashine itapita kama vilivyopita vingine, au tutaizoea. Neema mwenyewe ameamka tena, sasa anajifunza kuisimamia, anasema wanaojua kuisimamia watatafutwa. Pengine. Nami nimemsikia nikatikisa kichwa kwa kukubali, kama mtu anayeitikia wimbo ambao hajui maneno yake.

Nifupishe, karatasi inaisha na dereva amesema anaondoka kesho na mapema. Nisalimie mama yangu mzazi, mshike mkono unapomsalimia ili ajue ni wangu. Msalimie kaka yangu Damasi anayetusimamia mikorosho, mwambie asiwaachie vijana salfa peke yao. Shemeji yangu Apolonia, mdogo wako, mwambie kitenge cha Kongo nimeshakipata, cha rangi ile ile aliyoitaka. Katekista wetu Mzee Fidelisi mwambie aniweke kwenye nia za misa, asiniulize ni nia gani. Na mwalimu yule anayemwazima Editha kompyuta, simjui, lakini mpelekee korosho.

Nimemaliza salamu na neno bado sijaliandika. Nakuona unaigeuza karatasi kulitafuta.

Haya. Neno langu ni hili: aende uuguzi. Wagonjwa hawaishi duniani, na mgonjwa anataka mkono wa mtu. Msomee sentensi hizo kwa sauti, umwambie ndivyo baba yako alivyosema. Iliyobaki usimsomee, ni yako.

Na kama akikataa, maana tunamjua mimi na wewe, usigombane naye mke wangu. Usimfungie mlango. Mpandishe basi la asubuhi, mfungashie sweta zako zote mbili na yale masoksi ya mama, huku mwezi huu baridi linaingia kwenye mifupa. Akifika Songea akupigie, na wewe unipigie mimi. Nitakuwa stendi. Sijui nitamfundisha nini, lakini nitakuwa stendi.

Mungu awalinde nyote usiku na mchana, na wewe zaidi.

Mumeo anayekukumbuka,
Benedikto, Baba Editha